Mwaloni wa Jangwani na Ushahidi wa Majani Makavu

Tawi la mti likishakauka huwa kuni machoni pa watu wengi. Lakini tawi hilo hilo likibanwa vizuri, likabandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni yake pakaandikwa mahali lilipochumwa, tarehe na jina la aliyelichuma, hugeuka kuwa hati ya ushahidi. Hati hiyo huweza kukaa miaka mia mbili au zaidi bila kupoteza thamani yake, na mara kwa mara hujibu maswali ambayo mchumaji mwenyewe hakuwahi kuyawaza. Makala haya yanaeleza jinsi ushahidi wa namna hiyo unavyofanya kazi, kwa kufuata historia ya mti mmoja mdogo, aina ya mwaloni, uotao katika nchi kavu ya vilima na makorongo huko Texas magharibi, karibu na mpaka wa Marekani na Meksiko. Mti huo umebaki kwa idadi ndogo mno, na karibu kila jambo lijulikanalo juu ya maisha yake ya zamani limetokana na majani makavu.

Hebaria na kazi yake

Mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa kwa ajili ya uchunguzi huitwa hebaria. Desturi hii ilianza Italia katika karne ya 16, na mwalimu Luca Ghini, aliyefundisha katika vyuo vya Bologna na Pisa, ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mwanzilishi wake. Leo duniani kuna hebaria zaidi ya 3,000, na ndani yake mna sampuli zinazokaribia milioni 400. Afrika ya Mashariki nayo ina urithi wake: mkusanyo ulioanzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ndio chanzo cha Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ingawa inadai uangalifu. Mkusanyaji hukata kitawi chenye majani na, ikiwezekana, maua au matunda. Hukitandaza kati ya magazeti, akakibana kwa mbao na mikanda, na kuyabadili magazeti hayo mpaka unyevu wote uishe. Baadaye kitawi hubandikwa juu ya karatasi ngumu yenye urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa sentimita 29. Kabla ya kuingizwa kabatini huwekwa siku kadhaa katika baridi kali ya kugandisha, ili wadudu na mayai yao wafe. Adui mkubwa wa hebaria ni mdudu mdogo atafunaye majani makavu. Akiachiwa nafasi, huweza kula kazi ya miaka mingi.

Sehemu ya mwisho ya kazi ni lebo. Humo huandikwa jina la mmea, nchi na wilaya, mahali penyewe, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo au mawe, tarehe, jina la mchumaji na namba yake. Wageni wa kazi hii huvutiwa na majani, wakaiona lebo kuwa jambo dogo. Wataalamu hufikiri kinyume. Jani zuri lisilo na lebo ni pambo tu, lakini jani lililochakaa lenye lebo kamili huweza kumrudisha mtafiti mpaka penye mwamba ule ule lilipochumwa, hata kama mchumaji alikwisha kufa zamani.

Mwaloni usiofanana na mwaloni

Msomaji wa Biblia amelikuta jina la mwaloni katika habari za Ibrahimu, lakini katika Afrika mialoni ya asili huota upande wa kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Duniani kote kuna aina zaidi ya 400. Nyingi ni miti mikubwa yenye mbao ngumu, na kwa sababu hiyo mwaloni umekuwa mfano wa nguvu na ukubwa kwa mataifa ya Ulaya.

Mwaloni wa Hinckley, ambao wataalamu huuita *Quercus hinckleyi*, hauna sifa hizo. Ni kichaka kifupi, ambacho mtu mzima huweza kukitazama kwa juu. Majani yake ni madogo, mengi yakiwa na urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu, magumu, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na pembeni yana meno machache yenye ncha kali kama miiba. Nta iliyoyafunika hupunguza maji yanayopotea, na udogo wake huyafanya yasipate joto kupita kiasi. Hayapukutiki yote kwa msimu mmoja, kwa hiyo kichaka hubaki na majani mwaka mzima. Huota juu ya miteremko ya mawe ya chokaa katika wilaya ya Presidio, karibu na Shafter, kijiji cha machimbo ya fedha ya zamani, na katika Solitario, eneo la milima iliyopangika kwa duara ambalo limo katika hifadhi ya jimbo ya Big Bend Ranch. Mtu asiyeujua angepita kando yake akidhani ni kichaka cha miiba kama vingine.

Aliyeueleza mti huu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ni Cornelius H. Muller, mtaalamu wa mialoni, katika kitabu chake juu ya mialoni ya Texas kilichotolewa mwaka 1951. Aliupa jina la L. C. Hinckley, mkusanyaji wa mimea aliyefanya kazi katika Texas magharibi. Kwa taratibu za elimu ya mimea, jina jipya halikubaliki kwa maneno matupu. Hapana budi liambatane na sampuli moja iliyohifadhiwa katika hebaria inayojulikana, ambayo huitwa sampuli ya msingi. Kukitokea ubishi baadaye juu ya maana ya jina hilo, sampuli hiyo ndiyo hutolewa kabatini na kutazamwa.

Kwa mialoni ubishi hautokei mara moja. Majani ya mti mmoja huweza kutofautiana, ya juani yakiwa madogo na magumu, ya kivulini yakiwa mapana. Zaidi ya hayo, chavua ya mwaloni huchukuliwa na upepo, na aina zilizo karibu huzaa machotara kwa urahisi. Ndiyo maana mtaalamu hatosheki na karatasi moja. Hupanga karatasi nyingi mezani, kutoka bonde hili na lile, kutoka mwezi huu na ule, akatafuta mpaka ulipo kati ya tofauti za kawaida na tofauti za aina. Shambani haiwezekani kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna awezaye kusimama katika makorongo ishirini kwa wakati mmoja.

Hebaria ya panya

Kumbukumbu zilizokusanywa na wanadamu juu ya mwaloni wa Hinckley hazifiki hata miaka mia moja. Kwa umri wa mti, muda huo ni mfupi. Lakini katika jangwa hilo hilo kuna mkusanyaji mwingine aliyeanza kazi kabla ya wanadamu kufika huko, naye ni panya.

Panya wa jamii ya *Neotoma* wana tabia ya kubeba vitawi, majani, mbegu, miiba na mifupa na kuvirundika katika matundu yao, mara nyingi ndani ya mapango na nyufa za miamba. Hawaendi mbali, kwani kwa kawaida huokota vitu vilivyo ndani ya mita mia moja hivi kutoka makao yao. Kisha hukojoa juu ya malundo hayo. Katika hewa kavu ya jangwa mkojo huo hukauka ukawa kitu kigumu kinachong'aa, chenye rangi ya kahawia, ambacho hufungia kila kilichomo. Lundo lililo ndani ya pango, lisilofikiwa na mvua, huweza kudumu zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 1849 baadhi ya wasafiri waliokuwa wakienda California kutafuta dhahabu walikuta kitu hicho katika jangwa la Nevada, wakadhani ni peremende, wakakila. Kilikuwa na utamu, lakini baadaye kiliwatia kichefuchefu.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla ya thamani ya malundo hayo kutambuliwa. Mwaka 1964 Philip Wells na Clive Jorgensen walitoa taarifa katika jarida la *Science* kuonyesha kwamba malundo ya panya katika jangwa la Mojave yalikuwa na majani na matawi ya miti ambayo haioti tena mahali hapo. Baadaye Wells na watafiti wengine walifanya uchunguzi huo huo katika makorongo ya Big Bend, kando ya mto Rio Grande.

Malundo hayo hayana lebo, lakini tarehe yake huweza kupatikana. Kila mmea ulio hai huvuta kutoka hewani kiasi kidogo cha kaboni-14, ambayo ni kaboni yenye mnururisho. Mmea ukifa huacha kuivuta, na ile iliyokwisha kuwamo hupungua kwa kasi inayojulikana: nusu yake hutoweka kila miaka 5,730. Kwa kupima kiasi kilichobaki katika kijani kimoja, mtaalamu huweza kukadiria jani hilo lilichumwa lini. Mahali nako hakuna shaka, kwa sababu panya haendi mbali. Hivyo lundo huwa na mambo mawili makubwa ya lebo, yaani mahali na wakati.

Ushahidi uliotoka humo ulikuwa wa ajabu. Majani ya mwaloni wa Hinckley yalikutwa katika malundo ya Zama za Barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, pamoja na mabaki ya misonobari midogo na miti ya jamaa ya mtarakwa, katika sehemu za chini za Big Bend ambazo leo ni jangwa lenye vichaka vikavu na mipungate. Wakati huo hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi zaidi na mvua za majira ya baridi zilikuwa nyingi zaidi. Mwaloni huu ulikuwa mwenyeji wa eneo kubwa. Joto lilipozidi na ukame kuenea, ulitoweka katika sehemu za chini, ukabaki juu ya miteremko michache yenye nafuu.

Jambo hili limebadili namna ya kuutazama mti wenyewe. Aliyeziona karatasi za karne ya 20 peke yake angedhani kwamba ni mti wa jangwa uliozoea kuishi mahali padogo tangu asili. Aliyetazama na malundo ya panya anatambua kwamba ni mabaki ya msitu uliokwisha kuondoka. Tofauti hiyo ni kubwa kwa wanaotaka kuuhifadhi, kwani mabaki ya namna hii yako karibu na kikomo cha uwezo wake wa kuvumilia, na joto likipanda tena, miteremko ya kukimbilia ni michache.

Mambo ambayo mchumaji hakuyajua

Thamani nyingine ya sampuli ni kwamba hutunza habari ambazo wakati wa kuichuma hapakuwa na chombo cha kuzisoma. Mfano mashuhuri ulitokea Uingereza. Mwaka 1987 F. Ian Woodward alichunguza majani ya miti yaliyohifadhiwa Cambridge katika muda wa miaka 200. Juu ya ngozi ya kila jani mna vitundu vidogo sana, viitwavyo stomata, ambavyo hupitisha hewa ya kaboni dioksidi kuingia ndani na mvuke wa maji kutoka nje. Woodward aliona kwamba idadi ya vitundu hivyo ilipungua kwa karibu asilimia 40 kadiri kaboni dioksidi ilivyoongezeka hewani. Walioyachuma majani ya kale hawakuwa wakipima hewa, lakini majani yaliipima kwa niaba yao. Hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa na sehemu 280 hivi za kaboni dioksidi katika kila milioni. Leo zimepita 420.

Vivyo hivyo kwa chembe za urithi. Kipande kidogo cha jani kavu, mara nyingine kisichozidi ukucha, huweza kutoa DNA ya kutosha kulinganisha mmea na jamaa zake. Kwa mwaloni wa Hinckley uchunguzi wa DNA ulifanywa katika majani ya vichaka vilivyo hai, nao ulileta habari mbili zisizofurahisha. Ya kwanza ni kwamba vichaka vingi vinavyoonekana kuwa mimea mbalimbali ni machipukizi ya mzizi mmoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mimea iliyo tofauti kweli kweli katika makundi yaliyochunguzwa ni mia moja na ushei tu. Ya pili ni kwamba baadhi ya vichaka ni machotara wa mwaloni huu na aina nyingine za mialoni zilizo jirani. Aina yenye mimea michache, ikizungukwa na jamaa zake walio wengi, huweza kumezwa polepole kwa kuchanganyika.

Hapa tena karatasi za zamani zina kazi. Zinamwezesha mtafiti kuona umbo la majani kabla ya leo, na kuuliza kama machotara walikuwapo tangu zamani au wanaongezeka.

Ukimya wa kabati

Ni lazima, hata hivyo, kumbukumbu za hebaria zisomwe kwa tahadhari. Wakusanyaji ni watu wa kawaida. Huchuma zaidi kando ya barabara kuliko juu ya majabali, zaidi wakati wa likizo kuliko wakati mwingine, na huvutiwa na mimea yenye maua mazuri. Ramani iliyochorwa kutokana na lebo huonyesha mimea ilipo, na pia huonyesha wataalamu walikopita. Mahali pasipo na sampuli huenda pasiwe na mti. Huenda pia hakuna mtu aliyepanda huko.

Hatari ya kusahau jambo hili imeonekana katika nchi hiyo hiyo. Katika milima ya Chisos, inayosimama katikati ya jangwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, Muller aliwahi kueleza aina nyingine ya mwaloni, *Quercus tardifolia*, jina lenye maana ya mwaloni ambao majani yake huchelewa kutoka. Miti iliyojulikana ilikuwa michache mno, na mti wa mwisho uliaminika kuwa ulikufa mwaka 2011. Kwa miaka zaidi ya kumi aina hiyo ilikuwa ya kabatini tu. Mwezi Mei 2022 kikundi cha watafiti kilipanda tena katika milima hiyo kikiwa na maelezo ya zamani mkononi, kikakuta mti mmoja wenye kimo cha mita tisa hivi. Shina lake lilikuwa na kovu la moto na dalili za kushambuliwa na kuvu, lakini ulikuwa hai. Maelezo yaliyoandikwa katika miaka ya 1930 ndiyo yaliyowawezesha watafiti kujua wanatafuta nini.

Kuna tahadhari nyingine ya kinyume. Lebo inayotaja mahali kwa usahihi humsaidia mtafiti, na humsaidia vile vile mtu anayetaka kung'oa mimea adimu kwa biashara. Kwa sababu hiyo hebaria nyingi, zinapotangaza kumbukumbu zao, huficha vipimo kamili vya mahali inapoota mimea iliyo hatarini. Usahihi hubaki katika karatasi, na hutolewa kwa mwenye sababu ya kweli.

Kisichokaa kabatini

Serikali ya Marekani iliuingiza mwaloni wa Hinckley katika orodha ya mimea iliyo hatarini mwaka 1988, na Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile umeuweka katika daraja la viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huenda msomaji akauliza kwa nini mbegu zake zisichukuliwe zikawekwa katika ghala la baridi, kama zinavyowekwa mbegu za mahindi na mtama.

Jibu limo katika maumbile ya mialoni yenyewe. Mbegu ya mahindi huvumilia kukaushwa, na ikishakauka huweza kugandishwa ikakaa miaka mingi. Mbegu ya mwaloni hufa ikikaushwa, na ikigandishwa na maji yake hupasuka ndani kwa ndani. Lazima ipandwe mapema baada ya kuiva. Kwa hiyo njia zilizobaki ni kuyalinda makundi yaliyopo, kuotesha miche katika bustani za mimea mahali mbalimbali, na kujaribu kukuza vipande vya chipukizi katika maabara. Katika kazi hizo zote kumbukumbu za hebaria ndizo huonyesha mbegu zitoke wapi, makundi gani yasisahauliwe, na miteremko gani ingefaa kutazamwa upya.

Tofauti hii inafaa kukumbukwa na kila mwenye kukusanya mimea, popote alipo. Kukausha ndiko kunakolihifadhi jani la mwaloni kwa karne nyingi, na kukausha huko huko ndiko kunakoiua mbegu yake. Karatasi iliyo kabatini huweza kueleza mti ulikuwa wapi, ulikuwa na umbo gani, na ulivuta hewa ya namna gani. Kuendelea kwake kuwapo kunategemea vile vichaka vichache vilivyosalia juu ya mawe ya chokaa karibu na Shafter, ambavyo kila ukame mkubwa huvipunguzia nguvu.